Mzuiaji wa Tisa

Simu ilipoingia nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Bungoma, nikipiga pindo la sketi ya shule. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamke ikasema, "Dada, ni mimi. Mukhwana ametuacha." Nikakata.

Wiki hiyohiyo mama mmoja wa kanisani kwetu alikuwa amepigiwa simu ya namna hiyo, akaambiwa mwanawe amegongwa na gari, atume pesa ya hospitali haraka, kumbe mtoto yuko darasani anafanya hesabu. Kwa hiyo niliendelea na pindo langu. Namba ile ikapiga tena, nikakata tena. Simu ya tatu ilitoka kwa Mayi, ndivyo tunavyomwita mama yetu. Nilisikia tu akipumua, na nyuma yake watu wakilia. Hapo ndipo nilipoondoa mguu kwenye cherehani.

Aliyenipigia kwanza alikuwa Jepkemboi, mke wa ndugu yangu, kwa simu ya jirani. Mara mbili nilimkatia mjane.

Naandika haya kwa sababu kile kijitabu cha mazishi kilikuwa na ukurasa mmoja tu kuhusu maisha ya Mukhwana, na kwenye mstari wa kazi tuliandika "mchezaji, Marekani". Watu walisoma wakatazamana. Ningekuwa mgeni pale, na mimi ningemtazama jirani yangu.

Alizaliwa Kiminini mwaka wa 1995, miaka sita baada yangu. Akiwa kidato cha pili dawati la shule lilikuwa halimtoshi, akawa anakaa kwenye kiti cha mwalimu wa zamu. Alicheza raga shuleni, mstari wa mbele, mahali pa kusukumana. Alipomaliza kidato cha nne alipata kibarua kwenye ghala la mahindi, kubeba magunia ya kilo tisini kutoka kwa mizani hadi kwa lori. Watu wengine hulibeba gunia wakiwa wamekunja uso. Yeye alilibeba akiongea na watu.

Mwaka wa 2018 mwalimu wake wa zamani alimpeleka Nairobi kwenye majaribio ya mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana. Alirudi akisema Wazungu wamempima urefu wa mikono na upana wa viganja kwa futi ya fundi nguo, wakaandika. Baba mdogo Barasa, ndugu ya marehemu Papa, baba yetu, alishtuka.

"Wanampima mikono ya nini? Ati kijana anaenda kuchezea watu mpira, na wanampima kama mbuzi wa soko! Huyo anaenda kutolewa figo."

Mimi pia sikuamini. Nilimwuliza, "Kama ni kazi, mbona hawajaitisha cheti chako cha shule?"

"Dada, hawataki cheti. Wanataka nisisukumwe nyuma."

Papa peke yake ndiye aliyemwombea bila kuuliza maswali. Mukhwana akaenda.

Sasa ikawa ni kumngoja kwenye televisheni. Kila tulipopata nafasi ya kuona mechi ya timu yake tulikaza macho kwa mtu mwenye mpira, kwa sababu sisi mpira tunaoujua, mchezaji ni yule aliye nao. Hatukumwona hata mara moja. Mwaka wa kwanza tukasema ni mgeni. Mwaka wa pili majirani wakaanza kuniuliza huko sokoni, "Nasike, yule ndugu yako mchezaji, anacheza saa ngapi?" wakicheka. Nikaanza kujiuliza huyu mtu anafanya kazi gani hasa. Nilifikiri labda ni mlinzi wa usiku mahali fulani, au anaosha wazee, na anaona haya kusema.

Machi ya 2021 alikuja likizo, mnene kuliko nilivyomkumbuka, nywele amezifuga hadi mabegani. Papa hakuzipenda zile nywele. Alimwambia, "Ukitaka kuwa binti yangu ungeniambia mapema nikutafutie rinda." Tulicheka. Kisha baba mdogo akamkalisha chini.

"Wewe, tuambie ukweli. Kazi yako ni gani?"

Mukhwana akachukua vikombe vya bati vya Mayi, akapanga vitano kwa mstari mezani, na kimoja nyuma yao. "Huyu wa nyuma ndiye mrushaji wa mpira. Hawa watano ni wazuiaji. Kazi yao ni wale wengine wasimfikie. Hawagusi mpira. Ndiyo maana hamuwaoni."

"Na wewe ni yupi hapa?"

Akachukua vikombe vingine vitatu, akavipanga nyuma ya vile vitano. Akatafuta kingine, vilikuwa vimekwisha, akachukua bakuli la sukari akaliweka kwenye kona ya meza karibu lianguke.

"Mimi ni huyu. Wa tisa."

Baba mdogo alicheka hadi akakohoa. "Kwa hivyo kazi yako ni kungoja watu wanne wavunjike miguu?"

"Kazi yangu ni kujua kazi ya kila mmoja wa hawa wanane, ili akivunjika isijulikane. Wa kushoto ana namna yake ya kupanga miguu, wa katikati ana yake ya kutumia mikono. Mimi lazima nijue zote. Kocha wetu anasema watu watano kila timu inao. Msimu unaamuliwa na wale wa nyuma yao."

"Na unalipwa?"

"Nalipwa."

"Kukaa?"

"Kufanya mazoezi, baba mdogo. Kila siku najifanya adui ili wale watano wazoee. Niko kwenye kikosi cha mazoezi."

Niliangalia lile bakuli la sukari pale kwenye kona nikasema moyoni, huyu anatudanganya, na uongo wenyewe ameupanga vizuri. Namwomba Mungu anisamehe kwa hilo.

Novemba ya mwaka huohuo Papa aliamka Jumapili akitaka kwenda kanisani, akaanguka akifunga kiatu. Tuliamua kuzika Jumamosi. Nilimpigia Mukhwana mimi mwenyewe. Alilia. Siku ya pili alinipigia.

"Dada, wamenikataza kuja. Wazuiaji watatu wameumia na mmoja ni mgonjwa. Nimeitwa."

"Umeitwa na nani? Wewe miaka mitatu hujaitwa, unaitwa wiki Papa amekufa?"

"Ndivyo ilivyo."

"Mechi ni lini?"

"Jumapili."

"Mazishi ni Jumamosi!"

Nikakata. Mtu anayejua umbali wa Amerika atasema nilisema upuuzi, lakini nilikuwa na uchungu. Tulimzika Papa bila mwanawe wa kiume. Udongo wa kwanza, ambao ulikuwa wake kuutupa, aliutupa baba mdogo.

Jumatano iliyofuata nilienda saiba, duka la intaneti hapo Bungoma mjini, nikamwambia kijana wa pale anifungulie orodha ya wachezaji wa ile timu. Majina hamsini na tatu. Niliyasoma moja moja kwa kidole kwenye kioo. La ndugu yangu halikuwepo. Lilikuwa chini, kwenye ile orodha nyingine ya kikosi cha mazoezi, palepale lilipokuwa siku zote. Nikalipia ukurasa ukachapwa. Nikaupeleka Kiminini, nikawasomea mbele ya Mayi, baba mdogo na shangazi wawili. "Jina halipo," nikasema. Hakuna aliyeniuliza swali. Baba mdogo aliukunja ule ukurasa akautia kwenye mfuko wa koti.

Aliporudi nchini moja kwa moja, mwaka wa 2023, goti la kulia likiwa limepasuliwa mara mbili, alikuja Kiminini siku ya pili yake. Kwetu mtoto aliyekosa kumzika baba yake haingii ndani ya nyumba hivi hivi. Mzee wa ukoo humshika mkono, humwongoza hadi kaburini, akalia pale, ndipo akaingia. Mzee mwenyewe sasa alikuwa baba mdogo. Alisimama langoni na koti lake.

"Ulikuwa wapi tulipokuwa tukimzika baba yako?"

"Kazini, baba mdogo."

"Kazi gani? Dada yako alitafuta jina lako halikupatikana. Sema ukweli nikuongoze. Hata kama ulikuwa jela, sema."

Mukhwana alinitazama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba mdogo, mikono nimeikunja. Angeweza kunitukana. Alisema tu, "Nilicheza." Kisha akageuka, akaenda zake akichechemea.

Alipanga nyumba Kibomet, pale Kitale, akaoa Jepkemboi kutoka Kachibora, muuza viatu vya mitumba. Kutoka Kibomet hadi kwetu Kiminini si mwendo wa saa moja. Kwa miaka miwili hakukanyaga kwetu. Mayi alikuwa akienda kumwona, akirudi bila kusimulia.

Alikufa Juni hii, asubuhi, akichomoa kiatu chini ya kitanda. Alikuwa na miaka thelathini.

Lazima niseme ukweli kuhusu siku zile za matanga. Tulimshuku Jepkemboi. Hakuna aliyetamka, lakini chai aliyoipika yeye ilibaki kwenye vikombe. Baba mdogo akataka daktari amfungue marehemu. Daktari akasema damu iliganda kwenye mguu ule wa goti bovu, kipande kikapanda hadi mapafuni. Baba mdogo akamwuliza daktari mara tatu kama kuna sumu inayogandisha damu. Hata fundi wa jeneza alitushuku sisi. Nilimpa vipimo kwa simu akacheka akakata. Nilipompigia tena akasema, "Mama, nimetengeneza majeneza miaka kumi na minane. Huyo mtu hayupo." Ilibidi aende mochari kuona kwa macho yake.

Lakini shauri lililotusumbua lilikuwa mahali pa kuchimba. Baba mdogo alishika fimbo yake, akapita kaburi la Papa bila kusimama, akaenda hadi kwenye ua wa miti ya saipras upande wa chini, akachora kaburi pale.

"Hapa," akasema. "Aliyemwacha baba yake peke yake halali kando yake."

Kwetu kila mtu anajua anayezikwa kando ya ua ni nani. Ni aliyejinyonga, ni mwizi aliyeuawa na watu. Majina yao hata watoto hawapewi.

Mayi alikuwa ameketi kwenye mkeka. Hakubishana naye. Aligeuka kwangu.

"Nasike, wewe ndiye uliyeleta karatasi. Nenda ukaulize tena. Vijana wanaanza kuchimba Alhamisi."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Nilienda Kibomet. Jepkemboi alikuwa amekaa chini katikati ya viatu, bado amevaa leso ya juzi. Nikamwuliza kama kuna mtu huko Amerika aliyemjua mume wake, mtu wa kweli, si wa picha. Akanipa simu yake.

"Kocha wake wa wazuiaji. Tillery. Walikuwa wanaongea Krismasi. Nimemwandikia kwamba amekufa, amejibu analia."

Watu wanaweza kujibu wanalia. Nilimwambia atoke nje kwanza. Sikutaka amsaidie huyo mtu kunijibu. Akavaa malapa akatoka, akafunga mlango taratibu.

Nikampigia kwa video; kwao kulikuwa asubuhi. Mzee mwenye uso mwekundu na kofia alitokea kwenye kioo. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini niliposhindwa alingoja. Sikumweleza kwa nini naulizia. Nilianza na ile orodha. Nikamwambia niliitafuta Jumatano baada ya mechi na jina halikuwepo.

Akatikisa kichwa. Alisema halingekuwepo. Mchezaji wa kikosi cha mazoezi hupandishwa Jumamosi, anacheza Jumapili, na Jumatatu anarudishwa chini bila hata kuandikiwa barua. Ndiyo sheria. Ningetafuta Jumamosi usiku au Jumapili, ningemwona.

"Nani aliumia wiki hiyo?" nikamwuliza, kumtega.

Aliwataja wanne, na kila mmoja kiungo chake: kifundo cha mguu, bega, kidole gumba, na mmoja homa. Alisema makocha wengine hulilia nyota. Yeye kazi yake kwa miaka ishirini na sita ilikuwa kumtafuta mtu wa nane na wa tisa, kumfundisha mwezi wa saba jambo ambalo labda hataitwa kulifanya kamwe, na kuomba asichoke kungoja. Wengi huchoka. Mukhwana hakuchoka. Jumapili ile aliingia kipindi cha pili, upande wa kushoto, akasimama kuzuia mara ishirini na tatu, na hakuna aliyemfikia mrushaji kupitia kwake.

Bado sikuridhika. Mtu akimpenda marehemu atamtungia sifa. Nikamwuliza, "Kwa nini mlimkatalia kuja kumzika baba yake?"

Akavua kofia. "Kumkatalia?"

Alisema hakuna aliyejua. Mukhwana hakumwambia mtu hadi Jumatatu, baada ya mechi. Ndipo akamwendea yeye kocha, akasema baba yake amefariki, anaomba siku chache akazike. Wakampa. Angesema kabla ya mechi wangempa pia, hata kama wangebaki watano na mmoja wao mgonjwa.

"Alirudi Ijumaa," yule mzee akasema. "Alikuwa na zile nywele ndefu, unajua. Alirudi amenyoa zote, kichwa kama yai. Vijana walimtania wiki nzima. Nilidhani huko kwenu alikutana na kinyozi mbaya."

Nikaweka simu kwenye mapaja kidogo.

Huyo mzee asingeweza kufundishwa jambo lile na Jepkemboi wala na mtu mwingine, kwa sababu hata sasa hakujua alichokuwa ananiambia. Kwetu siku ya tatu baada ya mazishi wafiwa hunyolewa. Papa alizikwa Jumamosi. Sisi tulinyolewa Jumanne, tumekaa kwenye mkeka kwa mpangilio wa kuzaliwa, na baada yangu palikuwa na nafasi tupu. Mukhwana hakufika kwetu; alikuwa Amerika, kwenye chumba chake, na wembe. Hakuwa na mtu wa kumshikia kichwa.

Nilimshukuru yule kocha. Nilipofungua mlango Jepkemboi alikuwa ameketi kwenye ngazi. Nikamwambia, "Mke wa ndugu yangu, nisamehe." Akauliza kwa lipi kati ya mengi. Nikasema yote. Akasogea, nikakaa.

Jumatano nilisimama mbele ya watu walewale. Sisi ni watu wa Kanisa la Marafiki, tumefundishwa kwamba ndiyo iwe ndiyo. Usiku uliotangulia nilikuwa nimejaribiwa kupunguza. Ningesema kwamba alicheza na kwamba alinyoa, nikaacha lile la tatu. Lakini niliwahi kuileta nusu ya ukweli katika nyumba ile, na niliona ilichofanya.

Nikawaambia yote. Kwamba alicheza kweli. Kwamba karatasi yangu ilikuwa ya siku isiyo yake. Kwamba alijinyoa. Na kwamba hakukatazwa na mtu. Hakuomba ruhusa.

Baba mdogo akaruka palepale. "Mnasikia? Si alisema wamemkataza! Kwa hivyo alidanganya."

"Alidanganya neno moja, baba mdogo."

"Neno lenyewe ndilo hilo! Alichagua mpira."

"Alichagua wenzake wasikose mtu," nikasema, ingawa sikuwa na hakika, na hadi leo sina. Huenda aliogopa kuja kuona maiti ya Papa. Huenda baada ya miaka mitatu ya kungoja hakuweza kumwachia mtu mwingine siku ile moja. Nimemwuliza Mungu, na Yeye hajanijibu.

Mayi alinyanyuka kwenye mkeka kwa kushika bega langu. Alikwenda pole pole hadi kaburi la Papa, akapima hatua tatu upande wa kulia, akavua kiatu kimoja akakiacha pale kuwa alama.

"Mchimbe hapa," akasema. "Kama alimkosea baba yake, watamalizana wenyewe. Barasa, si wewe utakayelala katikati yao."

Shangazi mmoja alicheka akaziba mdomo. Baba mdogo akatoa kutoka kwenye mfuko wa koti ile karatasi, iliyochakaa kwenye mikunjo, akanipa bila kunitazama. Akaenda kuwaita vijana wa jembe.

Tulimzika Jumamosi, tarehe ishirini na moja. Kaburi lilichimbwa pana kuliko kawaida, na wachimbaji walifanya siku mbili. Jeneza lilibebwa na watu kumi na wawili, wengi wao wapakiaji wa lile ghala alilofanyia kazi, wakipokezana mara mbili kati ya lango na kaburi. Pasta aliomba, kisha tukakaa kimya kama ilivyo desturi ya kanisa letu. Kimya kilichukua kama dakika kumi. Mtoto wa jirani alikohoa. Tukaimba wimbo mmoja. Kamba zilikuwa nne, na jeneza lilishuka likiwa limeinama kidogo upande wa miguu, likasawazishwa. Baba mdogo alitupa udongo wa kwanza, akafuata Mayi, akafuata Jepkemboi, halafu mimi. Vijana wakachukua majembe. Kaburi lilijaa saa nane na nusu. Mashada ya maua yakawekwa, pasta akatoa baraka, na watu wakaelekea kwenye hema kula.